Biskuti za Mbwa wa Mama Glory

Mnaokuja kuniuliza habari za biskuti za mbwa mnakuja na simu mkononi, mnataka niwape vipimo upesi mkaanze biashara kesho. Kaeni kwanza. Vipimo nitawapa, wala havina siri. Ila ugumu wa kazi hii haupo kwenye unga, upo kwa watu. Mbwa hajawahi kunisumbua hata siku moja.

Mimi ni mwoka mikate. Nimeoka hapa hapa Utemini, Singida mjini, tangu nikiwa binti mpaka magoti yalipokataa kusimama mbele ya moto, na sasa tanuri analo mkwe wangu. Kazi nilifundishwa na Fundi Idi, mzee aliyekuwa akimwokea baba yangu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Aligonga tumbo la mkate kwa kidole na kutega sikio kama daktari anayempima mgonjwa kifua. Alinifundisha kwamba mkate unatolewa motoni ukiwa bado na unyevu wake, ukiuacha ukauke umeuharibu. Nililishika hilo miaka yote, na ndilo lililonikwamisha nilipoanza kuoka kwa ajili ya mbwa.

Aliyeniingiza kwenye mambo hayo ni Mama Glory. Mume wake alikuwa mkubwa katika ofisi mpya kule Nduguti. Mume alihamia huko, mke akabaki mjini, akisema Nduguti haijachangamka. Alibaki na mbwa wake Snowi, kambwa keupe kenye manyoya ya kuburuza chini, kalikoletwa kutoka Dar es Salaam. Mbwa mweupe, Singida, mji ambao upepo wake unaweza kuibadilisha kanzu rangi kati ya nyumbani na msikitini. Msichana wa kazi alimwogesha Snowi asubuhi na jioni, na bado kalionekana kama kametoka kuchimba msingi.

Siku moja Mama Glory alikuja dukani na pakiti tupu ya biskuti za mbwa za kutoka nje. Alisema zimekwisha, na Snowi hagusi kitu kingine. Nikamuuliza kwa nia njema kabisa kama mbwa huyo akishikwa na njaa hali ugali.

"Snowi hajazoea ugali, mama," akanijibu, kwa sauti ile unayomwelezea mtu habari za msiba.

Sikucheka. Mteja ni mteja. Nikaichukua ile pakiti, nikatazama picha ya mbwa aliyekuwa anatabasamu kuliko watu wengi ninaowajua, nikasema nitajaribu.

Nilijaribu kama mwoka mikate. Nikatia hamira, maziwa, chumvi, sukari kidogo, na iliki, kwa sababu niliona ni aibu kumpelekea mteja kitu kisicho na harufu nzuri. Zikatoka laini, zimeumuka, mtu angezila na chai. Snowi alizila zote. Jioni Mama Glory akanipigia simu. Hakuwa na malalamiko kuhusu ladha. Alisema tumbo la Snowi limejaa hewa, na hewa hiyo inapotoka wageni wanahama sebuleni.

Aliyeniokoa ni Mzee Kitundu. Huyu alikuwa bwana mifugo kabla ya kustaafu, Mnyiramba wa upande wa Nduguti, ana mbuzi wake huko na mbwa wa kuwalinda na fisi. Akija mjini lazima apite kwangu achukue mkate. Nilipomweleza habari za iliki alisema neno moja la Kinyiramba, nikamwomba anitafsirie, akakataa. Kisha akaketi kwenye gunia la unga akanifundisha, na haya ndiyo mliyoyafuata, kwa hiyo sikilizeni.

Mbwa halishwi chumvi, halishwi sukari. Kitunguu ni sumu kwake, cha maji na cha saumu, kibichi na kilichopikwa. Zabibu ni sumu. Chokoleti ni sumu. Hamira achana nayo. Chukua unga wa mtama au wa uwele, ambao Singida hatujawahi kuukosa. Chemsha boga, uliponde likiwa la moto. Chemsha maini, uyasage, na yale maji yake usiyamwage, ndiyo utakayokandia. Tia yai la kienyeji ili donge lishikane, na karanga zilizosagwa bila kitu kingine. Kanda donge liwe gumu kuliko la chapati. Sukuma, kata kwa mdomo wa kikombe kidogo, na kwa mbwa mdogo kata vipande vidogo zaidi asije akapaliwa. Toboa kila kimoja kwa uma ili mvuke upate pa kutokea. Halafu subiri. Mkate ukishatoka na moto ukishalegea, ndipo unaziingiza, na unaziacha humo mpaka zikauke kabisa. Ukiivunja lazima itoe mlio. Ikipinda badala ya kuvunjika irudishe, maana ndani ya mfuko itaota ukungu.

Kuzikausha ndiko kulikonipa shida. Mkono wangu ulizoea kutoa kitu kikiwa laini. Kila nilipofungua tanuri nilimsikia Fundi Idi akiniambia naua mkate. Ilinibidi nimjibu, kwa sauti, peke yangu jikoni, kwamba huu si mkate.

Snowi alizipenda. Baada yake wakaja wengine, maana mkubwa mmoja akiwa na kitu, wakubwa wenzake hawalali. Watu ambao mbwa wao walikuwa wanakula makombo na kubweka vizuri tu wakaanza kuniambia kwamba mbwa wao naye hajazoea.

Hapo Utemini ikaamka. Ilisemekana kwamba Rehema, ndiye mimi, anaoka chakula cha mbwa kwenye tanuri la mikate. Na kweli lilikuwa tanuri lile lile, ingawa kwa trei tofauti na saa tofauti. Wa kwanza kuacha mkate wangu alikuwa Mwanaidi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mjane wa muuza nguo, tumekua pamoja. Hakunigombeza. Alimtuma mtu dukani kwa mwingine, akahakikisha anapita mbele ya mlango wangu na ule mkate wa watu mkononi, bila kuufunika.

Nilikwenda kwa ustadhi wa mtaani kwetu nikauliza. Alinijibu vizuri sana. Alisema kumlisha mnyama ni jambo la thawabu, na unga na boga havigeuki najisi kwa kuwa vitaliwa na mbwa, nitenganishe tu vyombo kwa usafi. Nikamwomba basi aliseme hilo hadharani. Akanywa chai yake yote kwanza, kisha akasema watu kwa sasa wana hasira, tuwape muda.

Nikajenga tanuri la pili, la matofali, upande wa pili wa ua. La mbwa kule, la watu huku. Nikadhani yamekwisha. Wakasema moshi wa matanuri mawili unakutana juu. Hilo sikuwa na namna ya kulijengea ukuta.

Wakati huo akatokea Kocha. Jina lake halisi ni Feisali, kijana mwenye suti iliyombana na viatu visivyo na soksi. Alikuwa anajiita kocha wa afya na mafanikio. Alipoanza kuja kwangu alinipa shikamoo ya heshima hasa, akasema ana rafiki mwenye banda la mbwa wa ulinzi Shelui, kule malori yanakolala, na anahitaji biskuti nyingi. Shelui ina mbwa wengi, nikaona ni jambo linaloeleweka. Nikamwokea ndoo kwa ndoo. Nilifurahi. Nilijisemea kwamba mikate imekufa lakini mbwa wa Shelui wameniinua.

Sasa sikieni nilivyogundua mbwa wa Shelui walikuwa akina nani.

Kikundi chetu cha akina mama kilikutana kwa Mama Sauda. Walikuwa bado wananialika, ila nikikaa palikuwa na nafasi pande zangu zote mbili. Ikaletwa chai ya rangi, na pamoja nayo sahani ya biskuti. Nikachukua moja. Matundu yake yalikuwa matatu, na moja limejitenga mbali na mawili. Uma wangu wa kutobolea umevunjika jino. Hakuna uma mwingine Singida nzima unaotoboa namna hiyo.

Nikawatazama wenzangu. Wote walikuwa wanachovya. Mwanaidi alikuwa anachovya na kufumba macho, kama mtu anayeomba dua. Hawa hawa walioshindwa kula mkate uliookwa jirani na biskuti za mbwa, walikuwa wameketi wanakula biskuti zenyewe.

Mama Sauda akanionyesha pakiti. Ilikuwa nzuri, imechorwa jani la kijani na jua linachomoza. Imeandikwa kwamba ni nafaka asilia ya Singida, haina sukari, haina chumvi, haina hamira. Yote kweli. Mbwa tu ndiye ambaye hakuandikwa.

Nikasema kwa upole kwamba biskuti hizi nimezioka mimi, na ni za mbwa.

Wakacheka kidogo, kwa adabu. Mmoja akasema biashara ya mwenzako ikishamiri si vizuri kuichafua. Mwingine akasema Kocha aliwaonya kwamba watatokea wenye wivu.  Mwanaidi alichukua nyingine, akanitazama, akaichovya.

Nikamtafuta Feisali. Nilimkuta kwenye ofisi yake, meza moja na bango lenye picha yake mwenyewe amekunja mikono. Nikamwambia unachofanya ni hatari na ni uongo. Hakukasirika. Vijana wa siku hizi mkifundishwa biashara mnafundishwa kwanza kutokasirika.

"Bibi, soma pakiti," akasema. "Mimi sijaandika popote kwamba ni za watu. Nimeandika kwamba ni za afya."

Nikamwambia kuanzia leo hupati ndoo hata moja kwangu. Akanishukuru kwa ushirikiano. Kesho yake wateja wapya wakaanza kumiminika, wakizimaliza kabla wale wa zamani hawajafika, kila mmoja ana mbwa, na hakuna aliyeweza kuniambia mbwa wake anaitwa nani. Mmoja nilipombana alifikiri sana, akasema anaitwa Athumani.

Nikaamua kuzifanya zisilike. Nikaacha maini, nikatia dagaa na vichwa vya samaki waliokaushwa, nikavisaga na miba yake. Harufu ilikuwa ya kumtoa nyoka pangoni. Mkwe wangu alihama jiko. Mbwa, niwaambie ukweli, walizipenda kuliko zile za kwanza, na nyinyi mnaweza kutumia dagaa bila wasiwasi mradi muwaloweke kwanza chumvi itoke. Lakini binadamu je? Nilisubiri. Haukupita muda nikaiona pakiti mpya, rangi ya bluu, ina picha ya samaki anayeruka. Imeandikwa kwamba hili ni toleo lenye nguvu zaidi. Nikamuuliza mwanamke mmoja aliyekuwa ameishika kama haioni harufu. Akasema anaiona vizuri sana, na ndiyo maana anaamini, kwa kuwa dawa ya kweli lazima inuke.

Hapo nilikuwa bado naweza kucheka. Nilikuwa nikimsimulia Mzee Kitundu kila alipokuja mjini, na yeye alikuwa anacheka mpaka anajishika ubavu.

Kicheko kiliisha siku Mwanaidi alipoanguka.

Ilikuwa mchana. Nilisikia kishindo upande wa pili wa ukuta, kisha kimya. Nikaita, hakujibu. Nikazunguka nikaingia kwake. Alikuwa chini karibu na mtungi wa maji, midomo imekauka, anasema maneno ambayo hayaungani. Pembeni yake palikuwa na kikombe na kipande cha biskuti chenye tundu moja lililojitenga. Tulimpakia kwenye bajaji, nimemshika kichwa mapajani, na njia nzima alikuwa ananiomba maji kwa jina la marehemu mama yake.

Hospitali walisema sukari imepanda sana. Wakaniuliza kama anatumia dawa. Nilijua anatumia, miaka mingi, tembe zake nazifahamu. Walipozitafuta kwenye mkoba wake wakazikuta zimejaa, hajazigusa. Kocha alikuwa amewaambia kwamba mwenye kula biskuti hizi asubuhi na jioni mwili hujitibu wenyewe. Muuguzi akanieleza taratibu kwamba hata bila sukari, unga ni unga, ukishafika tumboni unageuka sukari ile ile, na mtu aliyeacha dawa huku anashindia biskuti za mtama anajichimbia kaburi. Nilikuwa najua kukanda unga huo tangu utotoni. Hilo nilikuwa silijui.

Alipopata fahamu nilikuwa nimeketi kando ya kitanda. Nilikuwa na hasira naye, niwe mkweli. Nikamuuliza kama siku ile kwa Mama Sauda, niliposema ni za mbwa, hakunisikia.

"Nilikusikia," akasema.

"Na hukuniamini?"

"Nilikuamini, Rehema. Wewe huna akili ya kutunga uongo kama ule."

Nikamuuliza sasa kwa nini aliendelea kula. Akageuza uso upande wa dirisha. 

"Mbwa wa Mama Glory ana daktari wake," akasema. "Anakuja nyumbani kumpima. Anakula yai, anakula maini. Mimi nikija hapa napanga foleni mpaka miguu inavimba, naambiwa dawa nyingine nikanunue nje. Nikaona kama zile biskuti ndizo zinazomfanya awe vile, basi na mimi nile. Yule mbwa ana afya kuliko mimi."

 Wanangu, nimeulizwa maswali mengi kuhusu kazi hii, na hilo halikuwa swali, lakini ndilo lililonishinda. Nilimfunika miguu, nikatoka nje nikalia kando ya bomba la maji.

Nikajua lazima niyamalize mbele za watu. Nikajua vilevile yatakavyonigharimu. Wachache waliokuwa wamebaki kwenye mkate wangu walibaki kwa sababu hawajawahi kumwona mbwa anakula kitu kilichotoka mkononi mwangu. Wakishaona kwa macho, duka limekwisha. Nilimwambia mkwe wangu hivyo. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia aende akaone tembe za Mwanaidi zilivyojaa.

Kocha alikuwa ameandaa semina yake kwenye uwanja karibu na soko, na turubai, viti vya plastiki, na spika mbili kubwa. Nikampigia Mzee Kitundu, nikamwomba aje na mbwa wake. Alikuja na wawili kwenye gari la kubebea mbuzi. Hawakuwa mbwa wa kubembelezwa. Mmoja alikuwa na sikio nusu, nusu nyingine ilibaki kwa fisi. Nyuma ya gari walikaa wima, wanatazama mji kama wazee waliokuja kwenye kesi.

Kocha alipofika mahali pa kuwauliza watu kama wako tayari kubadilisha maisha yao, nikatembea mpaka mbele.  Nikamwomba mwanamke wa mstari wa kwanza anipe pakiti yake, akanipa kwa sababu ya umri wangu. Nikaifungua hadharani. Nikasema biskuti hizi nazioka mimi, nazioka kwa ajili ya mbwa, na jirani yangu yuko hospitali kwa kuziita dawa. Kisha nikamtupia moja yule wa sikio nusu.

Aliidaka hewani. Ilisikika ikivunjika. Akaketi, akanitazama, akasubiri nyingine. Nikampa. Uwanja mzima ulikuwa unamtazama, na mimi nikasema moyoni kwamba kazi imekwisha.

Kumbe sikumjua Feisali. Alishika kipaza sauti vizuri, akatabasamu.

"Ndugu zangu, mmeona? Hata mnyama anajua chakula bora. Sisi binadamu tunangoja nini?"

Wakapiga makofi. Naapa walipiga makofi. Yule mwanamke wa mstari wa kwanza akaninyang'anya pakiti yake mkononi kabla sijammalizia mbwa zilizobaki. Mzee Kitundu akanitazama kutoka kwenye gari, akatikisa kichwa, na safari hii hakucheka.

Aliyeyamaliza mambo hakuwa mimi wala mbwa wa Mzee Kitundu. Mgeni rasmi wa siku ile alikuwa Mama Glory. Alikuwa amechelewa, kama wageni rasmi wanavyotakiwa, na aliingia wakati wa makofi yale, amempakata Snowi kifuani, kamefungwa utepe. Akapelekwa kwenye kiti cha mbele, akawekewa sahani ya biskuti na maua. Kabla hajaketi, Snowi akaruka mezani akaanza kula.

Mama Glory akaichukua biskuti moja, akaigeuza, akaivunja, akainusa. Mlio ule aliujua.

"Mbona hizi ni za Snowi?" akasema, na kipaza sauti kilikuwa karibu.

Kocha akaanza kueleza habari za nafaka asilia. Mama Glory hakumsikiliza. Alikuwa ameshika pakiti, anatazama umati ule wote, na kila mtu na pakiti yake mapajani. Nikaona hasira inampanda usoni.

"Kumbe ndiyo maana mwezi huu nimezikosa," akasema. "Mtoto wangu amekaa bila kula, kumbe mnakula nyinyi?"

Hilo ndilo lililoingia. Mimi mwokaji nilisema, hawakuamini. Mbwa alikula mbele yao, wakapiga makofi. Lakini mke wa mkubwa alipolalamika kwamba wamekula chakula cha mbwa wake, waliinuka mmoja mmoja. Pakiti zikaanza kudondoka chini ya viti, taratibu, kila mtu akijifanya hajui iliyo chini yake ni ya nani. Feisali alikuwa anakusanya nyaya za spika. Nilisikia baadaye yuko mji mwingine, anafundisha ufugaji wa kitu gani sijui. Hawezi kulala njaa yule.

Yaliyofuata nilikuwa nimeyategemea, ila si kwa namna ile. Utemini nzima hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kula biskuti zile. Niliowaona kwa macho yangu wanachovya waliniambia wao walikuwa wanazinunua kwa ajili ya kuku. Mama Sauda akasema zile alizotukaribisha zilikuwa nyingine zinazofanana. Na kwa kuwa mimi nilikuwa najua, wakawa hawanitaki machoni. Kabla ya hapo walihama upande wa barabara kwa sababu ya mbwa, sasa walihama kwa sababu yangu. Mikate nilioka michache, tukawa tunaimalizia kula sisi wenyewe. Tuliishi kwa mbwa. Safari hii Shelui nilikwenda mwenyewe, nikakuta kweli kuna mbwa wa ulinzi kwenye maegesho ya malori, wanakula kwa heshima, wala hawana maneno. Mzee Kitundu nilimpelekea ndoo ya shukrani. Alizikubali, akaniambia wale wawili wamezila, na siku iliyofuata walikula ugali wao kama kawaida, kwa hiyo nisijione nimefanya kitu kikubwa sana.

Mwanaidi alitoka hospitali amekonda, anatembea na fimbo. Alirudi kwenye tembe zake. Kwangu hakuja. Nilikuwa namsikia upande wa pili wa ukuta akiburuza kiti, akikohoa, na mimi nikikohoa huku, tukijuana kwa vikohozi.

Kikundi kikakutana tena kwa Mama Sauda. Nilikwenda kwa ubishi tu, nikaketi mlangoni. Mazungumzo yakafika, kama yalivyokuwa yanafika kila mahali, kwenye yule tapeli Kocha na wajinga waliokula chakula cha mbwa. Kila mtu alikuwa anawashangaa hao wajinga. Walisikika wako mtaa wa Mwenge, walisikika wako Kindai, mtu mmoja akawapeleka mpaka Manyoni. Mimi nikapuliza chai yangu.

Mwanaidi akagonga fimbo sakafuni.

"Mimi nilikula," akasema. "Za maini na za dagaa. Za maini zilikuwa nzuri zaidi."

 Akamgeukia Mama Sauda, akamtazama tu. Mama Sauda akashusha birika. Akavuta mtandio wake, akautazama, akaurudisha begani.

"Na mimi nilikula," akasema kwa sauti ndogo. "Na mama mkwe nilimpelekea zawadi ya Idi."

Aliyeanza kucheka sijui ni nani. Najua mwanamke mmoja alipaliwa na chai, wakampiga mgongoni huku wanaompiga wenyewe hawajiwezi kwa kicheko. Mmoja akakiri kwamba mumewe aliamka usiku kuziiba. Mwingine akasema hazijamtibu kitu, ila tangu azile amekuwa akisikia mlango kabla haujagongwa. Mwanaidi hakucheka hata kidogo, alikuwa amekaa na fimbo yake kama hakimu, mpaka aliponitazama mimi pale mlangoni, ndipo mabega yake yakaanza kutikisika.

Kesho yake niliwasha tanuri mapema kwa ajili ya mikate yangu michache. Nilipofungua mlango wa duka walikuwa wamekwishafika, wamejipanga na vitambaa vyao vya kufungia mkate mkononi, wanazungumza habari za mvua. Hakuna aliyeniuliza imeokwa wapi. Mwanaidi alikuwa wa mwisho kwenye foleni, mikate imekwisha, na alinigombeza vibaya sana kwa kuoka kidogo.